Katuma Upimwe Kwanza

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua za kwanza hazijashuka, daraja la Sitalike ni mahali pa kuona wazi jinsi Mto Katuma unavyobanwa. Sitalike iko takriban kilomita 35 kusini mwa Mpanda mjini, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hapo viboko hulala wamebanana ndani ya tope, migongo imekauka kwa jua, madume yakijeruhiana kugombea nafasi. Pembeni, ukingo wa mto umetobolewa mapango. Humo mamba hujificha miezi ya ukame wakingoja maji yarudi. Wageni husafiri kutoka mbali kuja kulitazama jambo hilo na kulipiga picha.

Sehemu ya hali hiyo ni ya kawaida. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, na miezi inayobaki mito yake imekuwa ikipungua tangu zamani. Mamba hawakuanza jana kuchimba mapango. Sehemu nyingine imeletwa na mikono ya watu: mabanio yasiyo na kibali, majaruba ya mpunga yaliyosogea hadi ukingoni, misitu iliyofyekwa kwenye vyanzo, mchanga unaotoka machimboni. Mwaka 2010 watafiti walichapisha tathmini ya mgogoro wa maji katika hifadhi za Tanzania, wakaitazama Katuma kwa karibu kuliko mito mingine, na wakayataja mengi ya mambo hayo. Swali linaloamua kazi yote ya kuurejesha mto ni hili: ukavu upi ni wa asili, upi si wa asili, na uko katika kipande kipi cha mto? Aliyesimama darajani hawezi kulijibu.

Wito unaosikika kila kiangazi ni wa haraka zaidi. Mabanio yabomolewe, wakulima waondoke, miti ipandwe. Kila mojawapo linaweza kuwa sahihi mahali fulani, na kila mojawapo linaweza kuwa kosa la gharama kubwa mahali pengine. Ndiyo maana wataalamu wa mito, popote walipofanya kazi hii vizuri, hutanguliza upimaji wa makazi ya viumbe: kuutembea mto kipande kwa kipande na kuandika kilichopo, kilichopotea na kilichokipoteza.

Katuma unaanzia upande wa magharibi, katika Wilaya ya Tanganyika, ambako kuna kijiji chenye jina hilohilo. Kule juu bado kuna misitu, na kijiji cha Katuma ni kimoja kati ya vijiji 8 vya mradi wa hewa ukaa wa milima ya Ntakata, ambavyo hupata mapato kwa kuitunza misitu yao. Mto ukishuka unaingia nchi ya mpunga inayoizunguka Mpanda. Kisha unafika Sitalike, unaingia hifadhini, unamwaga maji yake katika mbuga za Ziwa Katavi, unaendelea hadi mbuga za Chada, na maji yanayobaki huchukuliwa na Mto Kavuu kupitia nchi ya Mpimbwe hadi Ziwa Rukwa. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Chochote kinacholetwa na Katuma, tope au zebaki, hakina njia ya kwenda baharini.

Watu nao wameongezeka kwa kasi ambayo mto haukuizoea. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda katikati ya karne iliyopita kwa ajili ya madini ya risasi. Miaka ya 1970 yakaanzishwa makazi ya Katumba na Mishamo kwa wakimbizi kutoka Burundi, ambao wengi wao walipewa uraia mwaka 2014. Wafugaji na wakulima wa Kisukuma walishuka kutoka kaskazini wakifuata malisho na ardhi ya mpunga. Hifadhi yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1974, ilipanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471. Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, na Mpanda ikawa makao makuu yake. Wote hao, watu na wanyama, wanategemea mtandao uleule wa mito midogo.

Kwa kuwa neno "makazi ya samaki" linaweza kuonekana dogo mbele ya viboko na mpunga, inafaa kutazama nchi ambazo zimelichukulia kwa uzito mkubwa. Kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, samaki aina ya samoni hutoka baharini na kupanda mito hadi alikozaliwa, kutaga. Mayai yake hulala ndani ya changarawe, na huishi tu ikiwa maji baridi yanapenya katikati ya mawe. Tope likiziba nafasi hizo, mayai hukosa hewa. Kwa hiyo mpimaji wa kule huokota mawe mia moja chini ya mto, moja kila hatua, bila kuchagua, akapima upana wa kila jiwe. Njia hiyo ilielezwa na M. Gordon Wolman mwaka 1954 na bado inatumika. Huandika pia vina vya vidimbwi, kivuli cha miti, joto la maji, na magogo yaliyoangukia mtoni.

Magogo hayo yana historia inayouma. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970, mamlaka za Oregon na Washington zilituma watu kuondoa magogo mitoni, kwa imani kwamba yanamzuia samoni kupanda. Kazi ilifanywa kwa bidii na kwa nia njema. Baadaye ikafahamika kuwa magogo ndiyo yaliyokuwa yakichimba vidimbwi virefu na kuishika changarawe, na bila hayo mto ulikuwa mfereji mtupu. Fedha nyingine ikatumika kuyarudisha. Hata urudishaji wenyewe ulifanywa mara nyingi bila kuujua mto: mwaka 1992 Christopher Frissell na Richard Nawa walichapisha uchunguzi wa vizuizi na miundo 161 iliyojengwa kwa ajili ya samaki katika vijito 15, wakakuta kwamba baada ya mafuriko ya kawaida tu, mingi ilikuwa imeharibika au haifanyi kazi iliyokusudiwa.

Kazi iliyosubiri vipimo ilikwenda vingine. Mto Elwha, Washington, ulikuwa na mabwawa mawili, la kwanza likiwa limekamilika mwaka 1913 bila njia ya kupitisha samaki. Sheria ya kuurejesha ilipitishwa mwaka 1992, lakini ubomoaji ulianza mwaka 2011. Katikati hapo watu walipima tope lililolala nyuma ya kuta, wakashusha maji kwa majaribio mwaka 1994 kuona tope linavyotembea, wakaamua kubomoa hatua kwa hatua ili mto usizikwe kwa mkupuo mmoja. Kazi ilikamilika mwaka 2014, na samoni wakaanza kupanda tena.

Afrika Mashariki ina samaki wake wa safari, na imekwisha kuona maangamizi yake. Ningu wa Ziwa Victoria alikuwa akipanda mito kama Nzoia na Kagera mvua zinapoanza, akitaga kwenye maji ya mafuriko. Wavuvi wa Nzoia walikuwa na mitego iliyotengenezwa mahususi kwa msafara huo. Nyavu za makila, zilizoingia ziwani mwaka 1905, hatimaye zikafungwa hadi kwenye midomo ya mito na kumkamata ningu akiwa na mayai tumboni. Mwaka 1965 P. C. Cadwalladr aliandika jinsi uvuvi huo ulivyoanguka, na jinsi ujuzi wa mitego ya asili ulivyokuwa ukififia pamoja nao. Hapo hapakuwa na ukosefu wa maji. Safari ya samaki ilikatwa.

Katuma na mito jirani ina samaki wanaotegemea safari fupi za namna hiyo. Kambale huingia mbugani mafuriko yanapofika, hutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, na watoto hurudi mtoni maji yakipungua. Samaki wa Bonde la Rukwa waliorodheshwa kwa kina na Lothar Seegers katika kitabu cha mwaka 1996, na mmoja wao, samaki mdogo anayelea watoto kinywani, alipewa jina la kisayansi la Haplochromis katavi. Orodha hiyo ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu mpimaji wa leo ana kitu cha kulinganishia. Akikosa samaki fulani mahali alipokuwapo miaka 30 iliyopita, amekwisha kupata swali la maana.

Kambale, hata hivyo, asimdanganye mtu. Ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo huishi katika tope ambalo perege hawezi kukaa hata siku moja. Mwanakijiji anayesema samaki wapo anasema kweli, na mto unaweza kuwa unakufa papo hapo. Mpimaji anatakiwa kuuliza ni samaki gani: wale wavumilivu peke yao, au na wale wanaohitaji maji yanayotembea?

Upimaji wenyewe, kwenye sehemu za juu za Katuma, hauhitaji mitambo mingi. Kipande cha mto cha mita 100 huchaguliwa na alama za GPS huandikwa. Upana hupimwa kwa futi kamba sehemu kadhaa, na kina kwa kijiti chenye alama. Mtiririko unaweza kupimwa kwa kitu kinachoelea. Kipande cha mti kikitumia sekunde 20 kusafiri mita 10, kasi ni nusu mita kwa sekunde. Mto ukiwa na upana wa mita 4 na kina cha wastani cha sentimita 30, zidisha, kisha punguza asilimia 15 kwa kuwa maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini, utapata takriban lita 510 kwa sekunde. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuipiga hesabu hiyo. Mtu akirudia mahali palepale Mei, Agosti na Oktoba, kisha juu na chini ya kila banio, mto huanza kusema ni wapi maji yanatoka na ni wapi yanaishia.

Kisha wadudu. Tanzania ina kipimo chake, TARISS, kilichochapishwa mwaka 2015 na Lulu Kaaya na wenzake kwa kurekebisha kipimo cha Afrika Kusini kilingane na mito yetu. Mpimaji huingia majini na wavu wenye mpini, fremu yake sentimita 30 kwa 30. Huuweka wavu upande maji yanakoelekea, akatikisa na kugeuza mawe kwa miguu ili vilivyojificha chini yake vichukuliwe na maji hadi wavuni. Halafu hupitisha wavu kwenye majani ya ukingoni, na mwisho kwenye mchanga na tope. Kila kilichonaswa humwagwa katika trei nyeupe yenye maji kidogo. Mwanzoni huonekana majani makavu tu. Baada ya dakika chache kitu kinatambaa: lava wa kereng'ende, konokono, ruba, kaa mdogo, vijidudu vyenye mikia mitatu vinavyong'ang'ania chini ya kokoto. Kila jamii ina alama yake, ya juu kwa wasiovumilia uchafu, ya chini kwa wanaovumilia. Kemia ya maji hueleza mto ulivyo saa ile tu, ilhali wadudu wameishi humo wiki na miezi, kwa hiyo uchafu uliopita juzi usiku umewagusa.

Hapo ndipo athari ya machimbo itakapojulikana. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Mpanda husaga mawe kwenye makarasha na kuosha udongo kwenye mialo iliyo karibu na maji, na zebaki bado hutumika kukamata dhahabu, ingawa Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata. Tope la mwalo huonekana kwa macho. Zebaki haionekani, na kuipima kunahitaji maabara na sampuli za tope na za nyama ya samaki. Uchunguzi wa makazi usioyagusa hayo utakuwa umepima nusu ya mto.

Chini ya vyanzo, kwenye nchi ya mpunga, kazi hubadilika. Pale cha kuorodhesha ni mabanio, kila moja na urefu wake, vifaa vyake, mfereji wake, na kibali chake kama kipo. Yasihesabiwe yote kuwa kitu kimoja. Banio la miti na viroba vya mchanga huvuja, na mafuriko ya Desemba hulifunika au kulibeba, kwa hiyo huenda samaki akapita. Lakini kulijenga upya kila mwaka hula miti ya ukingoni. Banio la zege hudumu, na likijengwa bila kizingiti cha kuachia maji, linaweza kuchukua hadi tone la mwisho la kiangazi. Usangu, bonde linaloulisha Mto Ruaha Mkuu, ilifundisha hivyo: uboreshaji wa mabanio uliokusudiwa kupunguza upotevu uliwapa wakulima wa juu uwezo wa kuchukua karibu maji yote ya kiangazi, yaleyale ambayo mabanio ya zamani yalikuwa yakiyaachia kwa kuvuja. Ruaha Mkuu ulianza kukauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba kufikia 2010 ungetiririka mwaka mzima. Mwaka huo ulipofika, mto ulikuwa bado unakauka.

Ukubwa wa mashamba unaweza kutazamwa kutoka juu. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972, na za Sentinel-2 tangu 2015, zikionyesha kila kipande cha mita 10, bila malipo. Ofisa wa halmashauri mwenye kompyuta na intaneti anaweza kulinganisha majaruba ya mwaka 1990 na ya leo. Asichoweza kukiona humo ni nani analima, anakodi kutoka kwa nani, na atakula nini akiondolewa. Hayo huulizwa kwa watu.

Na hao watu wahesabiwe nao kuwa wapimaji. Mkulima anayelinda zamu yake ya maji usiku anajua saa ambayo mfereji wa juu hufunguliwa. Mwanamke anayechota maji anajua wiki ambayo kisima cha mchangani hulazimika kuchimbwa kwa kina zaidi. Mvuvi anajua mahali kambale alipokuwa akipita na sasa hapiti. Wazee wanaoujua mkwaju wa roho aitwaye Katabi kando ya Ziwa Katavi, ambako watu huweka sadaka kwa roho huyo, wanaweza kuonyesha maji yalifika wapi walipokuwa vijana. Taarifa za namna hiyo ziandikwe kwa tarehe na mahali, zilinganishwe, na zipewe nafasi sawa na namba za kifaa. Mkulima aliyeshiriki kupima ni vigumu kumwambia baadaye kwamba vipimo vilitungwa mjini.

Ndani ya hifadhi, mpimaji hawezi kuingia majini. Kiboko na mamba wamelikataza hilo. Hutumia droni kuhesabu viboko kutoka juu, hupima ukingo kwa mbali, huchota maji kwa ndoo yenye kamba, au huweka kifaa cha kurekodi oksijeni na joto kwenye nguzo ya daraja. Askari wa wanyamapori ni sehemu ya timu, si msindikizaji tu.

Oksijeni ndiyo hesabu inayosahaulika zaidi katika mjadala wa Katuma, na ndiyo inayobadilisha mjadala wote. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku na kunya majini mchana. Katika Mto Mara, watafiti walikadiria mwaka 2015 kwamba viboko zaidi ya 4,000 huingiza mtoni takriban tani 36 za kinyesi kila siku. Mto unapotembea, hicho ni chakula cha wadudu na samaki. Unaposimama, ni sumu. Keenan Stears na wenzake waliupima Ruaha Mkuu na mwaka 2018 wakaonyesha kwamba mtiririko ukikatika, kinyesi hujikusanya kwenye madimbwi, oksijeni hushuka, na samaki na wadudu hupungua. Mwaka huohuo uchunguzi wa Mara ulionyesha kwamba mvua ya ghafla ikiyasukuma maji mazito ya madimbwi hayo, huua samaki walio chini.

Maana yake kwa Sitalike ni nzito. Kiboko na perege wameishi pamoja tangu zamani, na mto unaotiririka kidogo tu uliwatosha wote wawili. Kuurudishia Katuma maji machache katika miezi miwili mibaya kunaweza kuwa na faida kubwa kuliko kuurudishia mengi wakati wa masika. Vilevile, kuyaachia maji yaliyozuiwa kwa siku moja, kwa kubomoa mabanio mwishoni mwa kiangazi mbele ya kamera, kunaweza kusukuma tope na maji yasiyo na hewa juu ya samaki waliosalia. Wakati wa kubomoa una uzito sawa na uamuzi wa kubomoa, na wakati huo hupatikana kwa kupima.

Mara ulitoa funzo jingine. Mwezi wa Machi 2022, maji ya mto huo upande wa Tanzania yaligeuka meusi na samaki wakafa kwa wingi. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kuwa oksijeni ilipungua kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika, na mabishano yakaenea nchi nzima. Vipimo vya kila mwezi vya oksijeni, wadudu na kemia, vilivyochukuliwa miaka kadhaa kabla ya siku ile na kuwekwa wazi, vingeyafupisha mabishano hayo. Baada ya tukio, kila namba hushukiwa.

Na Mto Kihansi ulionyesha gharama ya kupima kwa kuchelewa. Ujenzi wa bwawa la umeme katika milima ya Udzungwa ulikuwa umekwisha kuanza pale, mwaka 1996, alipogunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko yaleyale yaliyokuwa yanaondolewa maji. Vikawekwa vinyunyizio, vyura wakapelekwa Marekani kufugwa, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini. Urudishaji ulianza mwaka 2012. Fedha na juhudi zilizotumika baadaye zilipita mbali gharama ya wanabiolojia wachache kulitembea korongo la maporomoko hayo mapema.

Sheria haina upungufu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka matumizi ya nyumbani mbele, kisha akiba ya maji kwa mazingira, ndipo matumizi mengine. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini akiba ya mazingira ni maneno matupu mpaka iwe lita kwa sekunde, mahali panapojulikana, katika mwezi unaojulikana. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa haiwezi kumkatalia mtu kibali kwa haki, wala kumpa kwa haki, ikiwa haijui samaki wa Chada na kiboko wa Sitalike wanahitaji kiasi gani Septemba. Na mita 60 zilizotangazwa bila kuwekewa bikoni humwumiza mnyonge aliye karibu na barabara, wakati aliye mbali hulima hadi majini.

Wapo watakaosema mto hauna muda wa kusubiri karatasi. Hoja hiyo ni ya kweli kwa yale ambayo hayana ubishi: banio jipya lisilo na kibali lisimamishwe leo, na kibali kipya cha kiangazi kisitolewe. Lakini kazi kubwa, ya kuhamisha watu, kubomoa, kuchimba mkondo au kujenga banio la zege, isubiri mzunguko mmoja kamili wa kiangazi na masika. Mwaka mmoja wa kupima ni mfupi mno ukilinganishwa na miaka ambayo mto utaishi na matokeo.

Upimaji huo uanze kijiji cha Katuma na kuishia Rukwa, si kwenye mpaka wa hifadhi tu, kwa sababu samaki hawaujui mpaka huo. Bodi ya bonde, hifadhi, Manispaa ya Mpanda na halmashauri za wilaya, jumuiya za watumia maji na vyuo waufanye pamoja, kwa fomu moja, kwenye vituo vilevile. Matokeo yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi za vijiji kabla hayajapelekwa kwenye semina. Na yeyote atakayekuja na mradi wa kuuokoa Katuma, awe mfadhili, mwanasiasa au mtaalamu, wananchi wa Sitalike, Mwamkulu, Kakese na Kibaoni wamwombe kwanza awaonyeshe vipimo vya Oktoba na vya Februari. Akikosa vyote viwili, wamrudishe akapime.